Namba ya Mdomo na Namba ya Daftari

Mtaani waliitwa Kumi, wawili kwa jina moja, kwa sababu wakitembea bega kwa bega mume alikuwa moja na mke alikuwa sifuri. Mume alikuwa mrefu, mkavu, amenyooka kama ufito wa uzio. Mke alikuwa mduara. Umtazame mbele, umtazame ubavuni, ni yule yule amejaa. Watoto wakiwaona wanafunga duka hupiga kelele, "Kumi hao! Kumi wanapita!" Na mke hujibu bila hata kugeuza shingo, "Nyinyi mliobaki ni nukta!"

Mke ni fundi cherehani. Fundi, basi, hakuna aliyehitaji kuongeza neno. Mume alipiga pasi, alishona vifungo na aliandika daftari, na kwa hiyo aliitwa Bwana Pasi. Duka lao ni chumba kimoja: cherehani ya miguu karibu na mlango ili ipate mwanga, meza ya kukatia katikati, na kona ya pasi ukutani, ambako rangi ya ukuta imebadilika kwa mvuke wa miaka ishirini na saba. Mungu hakuwapa mtoto. Walichopewa ni kuwa pamoja kutwa, yeye akishona, yule akinyoosha, na kubishana juu ya redio.

Sasa, walikuwa na utaratibu wao wa kazi, na huo ndio uliokuja kuwaponza.

Mteja akija kushonewa, Fundi humzungushia futi kiunoni, hutazama namba, halafu hutaja kwa sauti nyingine kabisa. Kiuno kina inchi thelathini na nne? Yeye anasema, "Thelathini!" Na mguu wake wa kulia unagonga sakafu, ko, ko, ko, ko. Bwana Pasi kule kwenye kona, hainui hata kichwa, anaandika thelathini na nne. Gauni linashonwa la thelathini na nne, linamkaa mteja kama limemwagwa, naye anatoka dukani kifua mbele akijua kiuno chake ni kile kile cha usichana. Ile ya kwanza waliiita namba ya mdomo. Ile ya pili, namba ya daftari.

"Mtu hajaja kwangu kuhukumiwa," Fundi alikuwa akisema. "Kaja kushonewa."

Miaka yote hiyo hakuna mteja aliyeshtuka. Walidhani Fundi ana ugonjwa wa mguu.

Homa ya kifua iliyopita msimu ule iliwaingia kwa mlango huo huo wa kazi. Kupima ni kukumbatia, hakuna njia nyingine. Ukizungusha futi mgongoni kwa mtu uso wako unakaa shingoni kwake. Akaja mama mmoja anakohoa, anasema ni vumbi tu. Fundi akampima kifua, kiuno, nyonga. Siku ya nne Fundi anatetemeka chini ya shuka mbili, na Bwana Pasi, aliyekuwa akimletea chai, naye akaanza. Siku ya nane jirani akawatazama midomo, akaona rangi ambayo haikumpendeza, akawapakia kwenye gari lake vioo vyote vikiwa wazi, akawashusha hospitali.

Walipokelewa kwenye viti viwili vya magurudumu, sambamba. Fundi alikuwa na futi yake shingoni, hakukumbuka kuivua. Wanaume kushoto, wanawake kulia. Kabla hajapata pumzi ya kumwambia mumewe neno, nesi wa mapokezi alikwishamfungulia faili.

"Umri?"

Akataja.

"Uzito?"

Fundi akaitafuta mizani kwa macho.

"Mama, mizani yetu imeharibika tangu jana na watu ni wengi. Taja tu, tuokoe muda."

"Themanini na mbili," Fundi akasema.

Na mguu wake wa kulia, kwa mazoea, ukaanza kugonga kile kibao cha kiti cha magurudumu. Ko, ko, ko. Akageuza shingo kutafuta kile kichwa kilichoinama juu ya daftari. Akaona mgongo wa kiti tu, kinasukumwa kushoto, na masikio mawili ya mumewe yamechomoza kila upande. Mlango ukajifunga. Nesi akaandika themanini na mbili, wala hakusikia mguu.

Mtu asije akasema Fundi ni mwongo. Namba ile hakuitunga, alipewa. Mwaka uliotangulia watu wa afya walipita mtaani na mizani, kila mtu apande bure. Fundi akaamuru umati wote ugeuke nyuma, na yeye mwenyewe akatazama juu, akahesabu mawingu. Bwana Pasi ndiye aliyeinama akasoma, akatangaza, "Themanini na mbili!" Fundi akashuka akaenda zake kwa madaha. Tangu siku hiyo, aulizwe na nani, yeye ni themanini na mbili.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na hakuna kimoja kilichotengenezwa kwa ajili yake. Alimwagika pande zote za godoro. Kile kitambaa cha kupimia presha hakikuzunguka mkono, kikafunguka chenyewe mara tatu, mpaka wakatafuta kikubwa wodi nyingine. Gauni la hospitali halikukutana mgongoni. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo la kuona haya. Kwa fundi ni tusi. Siku ya pili, na mrija wa hewa ya oksijeni puani, aliomba sindano na uzi, akaunganisha magauni mawili kuwa moja, akaongeza na mfuko wa kutilia simu.

Kitanda cha pili kutoka kwake kililaliwa na bibi mmoja mwenye ulimi wa kukatia majani.

"Wewe mama," bibi alisema, "hebu nishonee na mimi. Langu linaniacha wazi, daktari akija anaona mpaka ninayoyawaza."

"Nipate pumzi kwanza, bibi."

"Hiyo pumzi ukiipata uniletee na mimi nusu."

Dirisha la Fundi lilitazama uwanja wa kuanikia. Kamba sita, mashuka ya hospitali yamening'inia, mapindo yake yameshonwa hovyo, nyuzi zinaning'inia kila kona. Ng'ambo ya mashuka ndiyo wodi ya wanaume. Upepo ukiyainua mashuka, dirisha la tatu kutoka mlangoni linaonekana, na ndani ya dirisha ncha ya kitanda cha chuma. Hiyo ncha ndiyo mumewe. Fundi aliupima ule uwanja kwa jicho, na jicho lake haliongopi: yadi arobaini. Kitambaa cha yadi arobaini alikuwa akikimaliza kwa wiki moja.

Lakini sheria ilikuwa sheria. Hakuna kutoka wodi hii kwenda ile mpaka mtu atolewe mrija, na mtu hatolewi mrija mpaka kile kidude cha kubana kidole, cha kupimia oksijeni ya damu, kisome tisini na mbili au zaidi, amekaa na anatembea. Fundi, akiwa amelala chali na mrija puani, alikuwa anasoma themanini na tisa.

Salamu zilibebwa na nesi wa zamu ya mchana, msichana mchangamfu ambaye ile sare yake nyeupe Fundi mwenyewe ndiye aliyeishona. Kiuno thelathini. Ya mdomo.

"Mzee anauliza umekula?"

"Mwambie nimekula. Na yeye ale, asije akawaambia ameshiba kwa kunusa."

Nesi anakwenda, anarudi. "Anasema amekula vijiko vitano."

"Vya chai au vya pilau?"

"Sikuuliza, Mama Fundi."

"Uliza."

Simu walikuwa nazo, lakini hakuna aliyekuwa na pumzi ya simu. Walijaribu mara moja. Fundi alisema "Mzee," akakohoa. Ng'ambo ikasemwa "Fundi wangu," kikafuata kikohozi. Wakakoholeana kama dakika mbili, kisha kila mmoja akakata. Bibi wa kitanda cha pili alisema mazungumzo mazuri hayo, hayana fitina.

Kitu kilichomsumbua Fundi hakikuwa kifua. Ilikuwa ile sauti. Bwana Pasi kabla hajashusha pasi juu ya nguo huchovya vidole kwenye bakuli la maji, hunyunyiza, halafu pasi ikigusa inasema tsss, na harufu ya pamba yenye joto inapanda. Miaka ishirini na saba Fundi alishona mgongo wake ukiwa upande wa sauti hiyo. Hakujua kwamba aliisikia. Sasa, amelala kwenye godoro lisilomtosha, anaitega. Nje mashuka yanapigwa na upepo, yanasema pwa, pwa. Siyo hiyo. Akawa anakasirika na mashuka.

Siku ya tano hakupata nafuu. Akasoma themanini na nane. Mguu wa kulia ukavimba, kigimbi kikawa cha moto na kigumu, akakanyaga chini akauma meno. Daktari wa wodi, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na macho ya mtu ambaye hajalala, akaubonyeza, akakunja uso. Akatazama faili. Akamtazama Fundi. Akatazama faili tena. Alitaka kusema jambo, akaitwa kitanda cha tisa, akakimbia.

Mchana ule nesi akaenda ng'ambo na salamu kama kawaida, akaona amchangamshe mzee wa watu.

"Mkeo mzima, mzee. Mguu tu umemvimba. Na tena amepungua, kilo themanini na mbili tu."

Bwana Pasi akafungua macho. "Nani kasema themanini na mbili?"

"Faili linasema. Mwenyewe ndiye aliyetaja."

"Alipotaja, mguu uligonga?"

"Mguu upi?"

Yule mzee akajiinua kwenye kiwiko, kazi iliyomchukua muda, akaomba kalamu. Nesi akampa na karatasi ya nyuma ya kalenda. Akaandika polepole, kwa ule mwandiko wake wa daftari, herufi zimesimama wima kama yeye mwenyewe.

Nesi akarudi mbio wodi ya wanawake, na kwa kuwa alikuwa mchangamfu hakuwa na akili ya kunong'ona. "Mama Fundi! Mzee anasema daktari aongeze thelathini na tisa!"

Wodi nzima ikageuka.

"Thelathini na tisa za nini?" bibi akauliza. "Mayai?"

Fundi akaipokea karatasi. Ilisema: *Mke wangu, mia moja ishirini na moja. Ile themanini na mbili ni ya mdomo, niliitaja mimi.*

Hapo ndipo alipokumbuka kandambili. Siku ile ya mizani mtaani, mumewe alipotangaza namba, kandambili yake ilianza kugonga kokoto. Ko, ko, ko. Fundi aliisikia. Aliisikia vizuri sana, na kabla haijafika mbali alianza kuongea kwa sauti juu ya bei ya vifungo, ili asihesabu. Mwaka mzima alikuwa amebeba namba ambayo alijua si yake, kwa sababu aliyempa alimpa kwa mapenzi.

Alifunika uso kwa shuka. Kwa aibu, ndiyo. Lakini chini ya shuka alikuwa anausoma ule mwandiko mara ya pili, ya tatu. Alikuwa hajauona siku tano.

Daktari hakucheka. Aliagiza mizani ya ghala, ile ya kupimia magunia ya unga wa jikoni, ikaletwa na mtunza ghala ikipiga kelele sakafuni. Fundi akapandishwa, nesi huku, nesi kule. Safari hii hakuhesabu mawingu, maana juu kulikuwa na dari.

"Mia na kumi na tisa!" mtunza ghala akaita, kama anavyoita siku zote.

"Mimi si gunia, sina lebo," Fundi akasema.

Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda, pale palipobaki.

"Mama, nisikilize. Hii dawa ya kuzuia damu kuganda tunaipima kwa kilo. Siku tano nimekupa ya mtu mwingine, mdogo kuliko wewe kwa theluthi. Na mtu mzito aliyelala tu, mwenye homa hii, ndiye damu yake inayopenda kuganda. Huo mguu umeanza. Tumeuwahi."

"Mguu huu huu?" Fundi aliutazama mguu wake wa kulia. Ule wa kugonga. "Umenilipiza."

"Halafu huko kulala chali. Tumbo linapanda juu, linayakalia mapafu. Tutakulaza kifudifudi, hutapenda."

"Kwa hiyo nimejiponza kwa unene."

"Unene umefanya kazi iwe ngumu, sitakuficha. Lakini watu wakubwa kuliko wewe wametoka hapa kwa miguu yao. Kosa siyo kuwa mnene, mama. Nami nilipaswa kutumia macho yangu mapema. Nilikuwa namtibu mtu ambaye hayupo."

Wakambadilishia dawa. Wakamgeuza kifudifudi, watu wanne na amri kama wanashusha kabati, mto kifuani, mto nyongani. Alitukana kidogo, akaomba radhi, akatukana tena. Baada ya saa moja kile kidude kikasoma tisini na moja. Nesi akakitingisha, akidhani kimeharibika.

Na nesi huyo, akiwa bado ameshika kidole cha Fundi, akasimama ghafla.

"Mama Fundi. Huo mguu unaogonga. Siku uliyonipima sare uligonga."

"Niache nipumue, mwanangu."

"Uligonga mara ngapi?"

"Sare imekukaa au haijakukaa?"

"Imenikaa."

"Basi."

Bibi wa kitanda cha pili alicheka mpaka wakamwekea oksijeni.

Siku zikaenda. Wiki ya pili Fundi akakaa kitini. Akatembea mpaka mlangoni. Akatembea mpaka bombani, akarudi anahema kama amepanda mlima, lakini amerudi. Kila hatua alikuwa akiihesabu kwa yadi na kuitoa kwenye zile arobaini. Yule mama aliyekuwa akisema kutembea ni kazi ya tarishi, sasa alfajiri amekwishavaa viatu.

Ila salamu za ng'ambo zilianza kubadilika. Hakuna tena kuuliza vijiko. Fundi akimuuliza nesi, "Mzee vipi?" nesi anasema, "Anaendelea." Siku ya kwanza anaendelea. Siku ya pili anaendelea vizuri. Siku ya tatu anaendelea, huku nesi anapanga vidonge ambavyo vilikwishapangwa.

Fundi alikuwa ameishi kwa namba za mdomo. Hakuna anayemdanganya mwenye duka kwa bidhaa yake.

"Sista, kaa hapa. Hiyo ni ya mdomo. Nipe ya daftari."

Nesi akakaa.

"Aliingia na kilo arobaini na tisa," akasema. "Sasa ana arobaini na tatu. Oksijeni yake siyo mbaya, mama. Ila hana nguvu ya kukohoa kilichomo kifuani. Wote tulidhani yeye ndiye atakayetangulia kutoka, si mwembamba? Daktari anasema kupumua tu na homa hii ni kama kubeba mzigo kutwa, na mwili unalipa kwa kula akiba yake. Yeye hakuwa na akiba. Unakula misuli."

Fundi aliangalia mikono yake mwenyewe, minene, yenye vishimo kwenye vifundo. Miaka ishirini na saba walikula sahani moja. Kama kungekuwa na namna ya kukata huku na kushonea kule, nani angekuwa fundi wake kama si yeye?

"Kesho nakwenda ng'ambo," akasema.

"Daktari hajaruhusu."

"Basi mtafute aruhusu."

Daktari aliruhusu siku ya kumi na sita, saa nne ya asubuhi, bila mrija, nesi ubavuni na kidude kidoleni. Fundi alivaa lile gauni lake la magauni mawili na futi shingoni. Bibi akamwambia, "Ukifika umsalimie mumeo. Ukianguka, anguka mbali na mimi."

Tisini na sita mlangoni. Tisini na tano kwenye kamba ya kwanza. Mashuka yalikuwa ya maji bado, yakimgusa uso, na safari hii yalikuwa na harufu ya pamba, sabuni na jua, karibu kabisa na ile ya pasi. Ukaribu huo ulimuuma kuliko umbali. Kwenye kamba ya nne akasimama, ameshika kamba, kifua kinapanda na kushuka.

"Tisini na moja," nesi akasema. "Turudi."

"Ya mdomo au ya daftari?"

"Ya daftari, mama. Turudi."

"Nimebakisha yadi kumi na tatu. Subiri."

Wakasubiri, wamesimama kati ya shuka na shuka kama watu waliopotea dukani. Tisini na mbili. Tisini na tatu. Akaachia kamba.

Mumewe alikuwa amelala ubavu, amegeukia dirisha. Alikuwa ameiona miguu yao chini ya mashuka tangu kamba ya pili.

"Nimehesabu hatua zako," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, imekunjwa. "Umechelewa."

"Mashuka yenu yana mapindo mabaya, nilikuwa nakagua."

Akaketi. Hakulia, alikuwa amejiapiza. Alivua futi shingoni, akaushika mkono wa mumewe pale juu ambapo mkono wa mwanamume hujaza shati. Tangu alipoanza ufundi, mashati yote ya huyu bwana aliyashona yeye, na mkono huo ulikuwa inchi tisa na nusu, mwembamba lakini wa kunyanyua pasi ya mkaa kutwa nzima. Futi ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka.

"Ngapi?" Bwana Pasi akauliza.

"Tisa," Fundi akasema.

Mzee akatega sikio. Akangoja. Mguu wa Fundi ulikuwa sakafuni, haujainuka. Walikuwa na ishara ya kuongeza tu. Katika miaka yote hiyo hawakuwahi kuhitaji ya kupunguza.

"Fundi wangu," akasema, "mimi siyo mteja. Niambie ya daftari."

"Saba na robo."

Akatikisa kichwa, kama alivyokuwa akitikisa kwenye kona yake. Kwa ncha ya kidole akaandika juu ya shuka, saba, na robo. "Haya. Imeandikwa. Na wewe?"

"Mia na kumi na tatu."

"Hiyo ni ya wapi?"

"Ya mizani ya magunia. Nilitazama mwenyewe."

Bwana Pasi akacheka, kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi safari hii kikaleta kitu. Nesi akakimbilia bakuli, akamsifu kama mtoto aliyetembea.

Wiki iliyofuata Fundi aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mumewe hakuruhusiwa: wanamlisha kidogo kidogo mara sita kwa siku, wanamfundisha kukohoa, na daktari akiulizwa ni lini, anasema hatapanga tarehe mpaka ule mkono uongezeke. Wageni wodi ile bado hawaingii. Siku ya kuondoka Fundi alivuka yadi zake arobaini bila kusimama, akamzungushia mumewe futi mkononi, akaifunga fundo.

"Utaniletea dukani," akasema. "Mwenyewe. Usimpe mtu."

Sasa duka liko wazi. Cherehani imetiwa mafuta. Kwenye kona pasi imekaa, ya baridi, na Fundi kila asubuhi huifuta majivu ambayo hayapo. Wateja wanakuja, wengine na vitambaa mikononi, na anawarudisha.

"Futi yangu iko hospitali. Njoo ikirudi."

"Si ununue nyingine, Mama Fundi? Sokoni zimejaa."

"Nimekwambia njoo ikirudi. Kwani unatembea uchi?"

Saa saba mchana simu inalia. Ni nesi, akitoka wodi ya wanaume. Fundi anaacha lolote alilonalo, anakwenda kwenye kona, analifungua daftari ukurasa wa mwisho ulio na ule mwandiko uliosimama wima, na chini yake ule wake mwenyewe, uliolala.

"Leo saba na nusu na kidogo," nesi anasema.

"Ya wapi?"

"Ya daftari, Mama Fundi. Naapa. Mzee mwenyewe anaangalia futi, hataki nimsomee."

Fundi anaandika. Halafu anakaa pale pale kwenye kona, kalamu mkononi, mgongo ukiwa upande wa pasi.